Google Inapobadilisha Mpangilio wa Matokeo: Mwongozo Kamili kwa Wachapishaji Wadogo wa Tovuti Uganda

Jioni moja ya Aprili 2024 mkulima wa kahawa wa Bududa alipiga simu kwenye ofisi ya tovuti yetu ya habari na bei za kahawa, ambayo ni chumba kimoja mjini Mbale. "Mwanangu," alisema, "ile bei yenu siioni tena. Nikiandika kwenye simu zinakuja tovuti za Nairobi." Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe siku mbili nitakueleza." Usiku huohuo nikabadilisha vichwa vya kurasa arobaini, nikafuta makala za zamani nilizodhani zinatuchafua, na nikahamisha sehemu nzima ya bei kwenye anwani mpya. Wiki mbili baadaye tulikuwa tumeshuka zaidi, na hapakuwa tena na namna ya kujua kilichotushusha: mabadiliko ya Google au mikono yangu mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeendesha tovuti ndogo, peke yake au na wenzake wawili watatu, ambaye asubuhi moja anakuta wasomaji kutoka Google wamepungua kwa kiasi cha kutisha. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba uchunguzi utangulie tiba. Nimepanga hatua kwa utaratibu ambao sasa tunaufuata sisi wenyewe, na naomba usiruke hata moja kati ya zile za mwanzo, ingawa ndizo zinazochosha.

Kinachobadilika ni nini hasa

Google huurekebisha mfumo wake wa kupanga matokeo karibu kila siku, lakini mara chache kwa mwaka hutangaza sasisho kuu, yaani marekebisho mapana ya namna inavyopima kurasa zote. Historia yake inafaa kujulikana kwa sababu kila hatua iliacha kanuni ambayo bado inafanya kazi. Sasisho lililoitwa Panda, la 2011, lililenga kurasa nyepesi zisizo na maarifa. Lile lililoitwa Penguin, la 2012, lililenga viungo vya kununua, yaani maunganisho ya kulipia yanayotoka tovuti nyingine kuja kwako. Aprili 2015 kurasa zisizosomeka vizuri kwenye simu zilianza kushushwa katika utafutaji wa simu. Agosti 2022 ulikuja mfumo wa kutambua maudhui yaliyoandikwa kwa ajili ya injini ya utafutaji badala ya watu, na toleo lake la Septemba 2023 liliumiza tovuti nyingi ndogo. Machi 2024 mfumo huo ukaunganishwa na mfumo mkuu wa Google katika sasisho lililoanza tarehe 5 Machi na kumalizika tarehe 19 Aprili, siku 45 kwa jumla.

Ni muhimu kuelewa kwamba kushuka wakati wa sasisho kuu si adhabu. Mfikirie mwalimu anayesahihisha upya mitihani ya darasa zima kwa mwongozo mpya wa alama. Mwanafunzi aliyekuwa wa tatu anaweza kuwa wa kumi na moja ilhali hakuna aliyegusa karatasi yake, kwa kuwa majibu ya wenzake yamepewa uzito ambao hayakuwa nao jana. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza si "nimekosa nini?" bali "nimelinganishwa na nani, na kwa kipimo gani?" Swali hilo la pili ndilo lenye jibu linaloweza kutafutwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba umeshuka kweli

Fungua Search Console, ambayo Google huitoa bila malipo kwa mwenye tovuti yeyote. Ripoti yake ya utendaji ina namba nne: maonyesho, yaani mara ambazo kurasa zako zilitokea katika matokeo, mibofyo, yaani mara ambazo watu waliingia, uwiano kati ya hizo mbili, na nafasi ya wastani. Takwimu hizi hutunzwa kwa miezi 16 pekee. Jizoeze kuzipakua mwanzoni mwa kila mwezi na kuziweka kwenye jedwali lako, kwa sababu siku utakayozihitaji ndiyo siku utakayokuta zimefutika.

Google ina ukurasa wa hali ya huduma zake za utafutaji, ambako tarehe ya kuanza na ya kumalizika kwa kila sasisho kuu huandikwa. Usichunguze chochote katikati ya sasisho, maana nafasi hupanda na kushuka siku hadi siku mpaka limalizike. Ushauri wa Google yenyewe ni kusubiri angalau wiki moja kamili baada ya kumalizika, kisha kulinganisha wiki hiyo na wiki iliyotangulia mwanzo wa sasisho. Linganisha wiki nzima kwa wiki nzima, kwa kuwa Jumapili ya tovuti ya kilimo haifanani na Jumatatu yake.

Baada ya hapo, linganisha kipindi hichohicho na mwaka uliopita. Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo lingetuokoa usiku ule wa Aprili. Mavuno makuu ya Arabika katika miteremko ya Mlima Elgon huwa yamekwisha ifikapo Machi, na wakulima hupunguza kutafuta bei wakati ambapo hawana cha kuuza. Tulipoweka Machi na Aprili za 2023 kando ya zile za 2024, tuliona kwamba sehemu kubwa ya pengo ilikuwa ya msimu. Sasisho lilitushusha kweli, lakini si kwa kiasi kile kilichoninyima usingizi. Tovuti ya masomo itaona jambo kama hilo baada ya mitihani ya UNEB, Baraza la Mitihani la Taifa, na tovuti ya utalii italiona katika miezi ya mvua.

Kuna mitego miwili zaidi katika namba hizi. Wa kwanza ni mabadiliko ya vipimo vyenyewe. Septemba 2025 Google iliacha kuruhusu matokeo 100 kuonyeshwa kwenye ukurasa mmoja, njia iliyotumiwa sana na programu zinazofuatilia nafasi za tovuti. Tovuti nyingi ziliona maonyesho yakipungua ghafla na nafasi ya wastani ikipanda, ilhali wasomaji wa kweli hawakuongezeka wala kupungua. Ukikuta maonyesho yameanguka lakini mibofyo imesimama palepale, tulia kwanza.

Mtego wa pili ni wetu wa Uganda. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, wengi wamezoea kutumia VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako katika seva ya nchi nyingine, na msomaji aliyeko Soroti huku VPN yake ikipitia Uholanzi huhesabiwa kuwa msomaji wa Uholanzi. Ukichuja ripoti yako kwa Uganda pekee, unaweza kuona "hasara" ambayo kumbe ni wasomaji walewale waliojificha chini ya bendera nyingine. Tazama jumla ya nchi zote kwanza, ndipo uitazame Uganda.

Hatua ya pili: tafuta sababu za nyumbani

Mara nyingi kinacholaumiwa kuwa ni mabadiliko ya Google huwa ni hitilafu ya tovuti yenyewe. Mwaka mmoja tulimpa fundi kazi ya kuhamisha tovuti yetu kwenye seva mpya. Alipokuwa akijaribu alitia alama kwenye kisanduku cha WordPress kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, na alipomaliza hakuiondoa. Tovuti ilifunguka vizuri kwa kila aliyeitembelea, nasi tukaamini kazi imekwisha, huku kurasa zikiondoka katika faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa inazoweza kuzionyesha, moja baada ya nyingine. Tulikuja kulijua kosa hilo kwa bahati tu, tulipokuwa tukitafuta makala yetu wenyewe kwa kichwa chake kamili na kuikosa.

Kwa hiyo chukua kurasa tano zilizokuwa zikiingiza wasomaji wengi zaidi na uzipitishe moja moja kwenye kifaa cha Search Console cha kukagua anwani ya ukurasa. Kitakuambia kama ukurasa umo katika faharasa, lini roboti ya Google, yaani programu yake inayosoma kurasa, iliupitia mara ya mwisho, na kama kuna kitu kinachoizuia. Soma faili la robots.txt, linaloiambia roboti hiyo isiingie wapi, uone kama limefunga mlango usiotakiwa kufungwa. Hakikisha kikoa chako, kiwe cha .ug, .co.ug au .com, hakijaisha muda, na kwamba seva haikukatika kwa siku kadhaa. Kisha andika kwenye Google neno site, nukta mbili, na jina la kikoa chako bila kuacha nafasi, upitie orodha yote. Ukikuta kurasa za kamari au za dawa ambazo hukuziandika, tovuti imevamiwa, na kazi ya kwanza ni kuisafisha na kubadilisha manenosiri, si kufikiria nafasi.

Mtandao wa nchi nao uhesabiwe. Katika uchaguzi wa 2021 intaneti ilizimwa Uganda tarehe 13 Januari na kuanza kurejeshwa tarehe 18. Mchapishaji yeyote wa wakati ule anaukumbuka mchoro wake wa takwimu ulivyokatika, na hakuna marekebisho ya kurasa ambayo yangeuziba mkato ule.

Hatua ya tatu: angalia kama kuna adhabu rasmi

Hatua hii ni ya dakika mbili. Search Console ina ripoti ya adhabu zilizotolewa na wafanyakazi wa Google baada ya kuikagua tovuti kwa macho yao. Ikiwa tupu, kama ilivyo kwa tovuti nyingi, hukuadhibiwa, na barua ya kuomba msamaha haina pa kwenda. Ikiwa na maandishi, yatakueleza kosa. Lirekebishe kwenye tovuti nzima, si kwenye ukurasa mmoja wa mfano, kisha uombe kukaguliwa upya ukieleza kwa uaminifu ulichofanya.

Hatua ya nne: soma umbo la kushuka

Hapa nakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo jibu lilipo na ndipo wengi wanapopita mbio. Katika ripoti ya utendaji, chagua vipindi vyako viwili, kisha upange kurasa kuanzia iliyopoteza mibofyo mingi zaidi. Bofya ukurasa wa kwanza, uhamie kwenye orodha ya maneno ya utafutaji, na utazame jinsi mibofyo, maonyesho na nafasi vinavyohusiana. Nimekutana na maumbo manne.

La kwanza: nafasi imeshuka kidogo tu, mathalani kutoka ya pili hadi ya nne, na maonyesho hayakubadilika. Mshuko huu unauma, kwa kuwa wasomaji wengi hubofya matokeo ya juu kabisa, lakini ukurasa wako bado unaaminika. Google inashauri kutofanya mageuzi makubwa katika hali hii, nami nakubaliana nayo. Ukurasa unaosimama kwenye nafasi ya nne unaweza kurudi ya pili bila kuguswa, na unaweza pia kuharibiwa na marekebisho ya haraka.

La pili: nafasi imeanguka mbali, kutoka ya tatu hadi ya kumi na moja au ya ishirini na tano, na imebaki huko kwa wiki kadhaa. Huo ni mshuko wa kweli unaodai kazi ya hatua zinazofuata.

La tatu: nafasi imesimama na maonyesho yamesimama, lakini mibofyo imepungua. Hujashuka hata kidogo. Kilichobadilika ni ukurasa wa matokeo wenyewe. Mei 2024 Google ilianza kuweka majibu yaliyotungwa na akili mnemba juu ya matokeo nchini Marekani, na Oktoba mwaka huo ikayapeleka katika nchi zaidi ya 100. Aliyeuliza swali jepesi hupata jibu pale juu na kuondoka. Search Console huijumlisha mibofyo ya sehemu hiyo pamoja na mingine yote, hivyo hutaiona peke yake. Ukurasa unaojibu "debe moja ni lita ngapi" utaendelea kupoteza wasomaji hata ukiuandika kwa dhahabu. Elekeza nguvu zako kwenye maswali ambayo jibu la mistari mitatu halimtoshelezi muulizaji.

La nne: maonyesho yamepungua na nafasi imesimama. Watu wameacha kulitafuta jambo hilo, au wanalitafuta kwa maneno mengine. Kwetu hili lina sura ya pekee, kwa sababu Mganda anayetafuta kwa Kiswahili huchanganya. Ataandika "bei ya kiboko leo" akimaanisha robusta iliyokaushwa na ganda lake, wala hataandika "kahawa ya robusta isiyokobolewa" kama tulivyokuwa tumeandika sisi. Ataandika "pachimenti Mbale" akimaanisha arabika iliyooshwa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake la ndani. Pitia orodha ya maneno ya utafutaji na uyasome kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa yake ya tahajia, maana hiyo ndiyo sauti ya msomaji wako.

Hatua ya tano: tazama aliyechukua nafasi yako

Chukua simu ya kawaida, ile ambayo msomaji wako anayo, ufungue dirisha la faragha ili historia yako isipotoshe matokeo, na uandike maneno yaleyale uliyopoteza. Fungua kurasa tatu za juu, uzisome mpaka mwisho, na uandike kwenye karatasi kile ambacho kila moja inampa msomaji na wewe humpi.

Tulipofanya hivyo kwa maneno ya bei ya kahawa, tovuti ya Nairobi iliyokuwa ya kwanza haikuwa na bei ya Mbale hata moja. Ilikuwa na jedwali linaloonyesha tarehe, kipimo na aina ya kahawa, na juu yake palikuwa na mstari unaoeleza bei imetoka wapi. Ukurasa wetu ulikuwa na bei sahihi za Mbale, lakini zilizikwa chini ya aya nne za kueleza umuhimu wa kahawa kwa uchumi wa Uganda. Mkulima anayeuliza bei akiwa amesimama mbele ya mnunuzi hahitaji aya hizo. Nilipouona ukurasa wetu kwa jicho lake niliona aibu, na nilielewa kwa nini wenzetu walipewa nafasi ile ingawa maarifa tulikuwa nayo sisi.

Utakutana pia na kurasa za juu ambazo ni mbovu kuliko zako. Hilo hutokea, na katika Kiswahili hutokea mara kwa mara kwa sababu ya tafsiri za mashine zinazomwagwa kwa maelfu. Tangu Machi 2024 sera za Google zinalitaja waziwazi tendo la kuzalisha kurasa nyingi kwa nia ya kupanda katika matokeo kuwa ni ukiukaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Unaweza kuziripoti, lakini usiweke matumaini yako hapo. Muda wako una thamani kubwa zaidi kwenye kurasa zako.

Hatua ya sita: rekebisha kilichothibitika

Anza na kurasa zilizoshuka na ambazo zina wasomaji, si na tovuti nzima. Weka jibu juu. Eleza ulilijuaje jambo hilo: ulimuuliza nani, wapi, siku gani. Desemba 2022 Google iliongeza "uzoefu" katika mwongozo wanaoutumia wakaguzi wake wa ubora, pamoja na utaalamu, mamlaka na uaminifu. Wakaguzi hao hawapandishi wala kuishusha tovuti moja kwa moja, lakini mwongozo wao unaonyesha kile ambacho mfumo unajengwa kukitambua. Katika uzoefu ndipo mchapishaji mdogo anapokuwa na nguvu kuliko shirika kubwa. Tovuti ya mbali haiwezi kusimama sokoni Mbale alfajiri na kuona mzani. Wewe unaweza. Piga picha ya mzani huo, andika jina la soko na tarehe, na utie jina lako chini pamoja na maelezo mafupi ya wewe ni nani. Ukurasa usio na mwandishi anayejulikana humnyima msomaji sababu ya kuuamini.

Rekebisha vyanzo vilivyopitwa na wakati. Sisi tulikuwa na makala nyingi zinazomwelekeza mkulima kwenye Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa ya Uganda, ambayo shughuli zake zilihamishiwa Wizara ya Kilimo kwa sheria iliyotiwa saini Desemba 2024. Makala inayomtuma mtu kwenye ofisi ambayo haipo tena inamdhulumu, hata kama bado iko juu katika matokeo.

Kurasa fupi zinazorudia jambo moja ziunganishwe. Tulikuwa na kurasa sita kuhusu kukausha pachimenti, kila moja na aya tatu. Tulizifanya moja yenye maelezo kamili, na anwani tano za zamani tukazielekeza kwenye ile mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ili aliyehifadhi kiungo cha zamani asikutane na mlango uliofungwa. Usifute ukurasa kwa sababu tu haujapata mibofyo mwezi huu. Futa ule ambao ungeona haya kumwonyesha jirani yako.

Tarehe nazo zisichezewe. Kubadilisha tarehe ya makala bila kubadilisha maudhui ni kumdanganya msomaji, na Google imesema wazi kwamba kuzifanya kurasa zionekane mpya hakusaidii. Kama umeongeza bei za wiki hii, andika kwamba umeongeza bei za wiki hii.

Kuhusu akili mnemba, msimamo wangu ni huu: itumie kukagua tahajia na kupanga jedwali, usiitumie kuandika Kiswahili ambacho hutakisoma neno kwa neno. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kuna walimu na wanafunzi wanaokuja kwenye tovuti zetu kutafuta sentensi sahihi ya Kiswahili, nasi tunawawekea mfano bila kukusudia. Tovuti inayowapa Kiswahili kilichopinda inawakosea mara mbili.

Hatua ya saba: punguza uzito wa kurasa

Kasi peke yake haitaupandisha ukurasa usio na maarifa, lakini pale ambapo kurasa mbili zinakaribiana inaweza kuamua. Google hupima mambo matatu: sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200, kipimo kilichoanza kutumika Machi 2024, na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, kwa alama isiyozidi 0.1. Vipimo hutoka kwa watumiaji halisi wa kivinjari cha Chrome kwa siku 28, na ili ufaulu ni lazima robo tatu ya matembezi yafikie viwango hivyo. Tovuti ndogo mara nyingi haina wasomaji wa kutosha kwa ripoti hiyo. Ikiwa yako haina, jaribu mwenyewe kwa simu ya bei nafuu ukiwa nje ya mji.

Kwetu kuna sababu nyingine kubwa kuliko nafasi. Tangu Julai 2021 kila bando la data Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12, juu ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Picha iliyotoka kwenye simu ikiwa na megabaiti 4 inamtoza msomaji fedha yake kabla hajasoma neno. Ipunguze hadi chini ya kilobaiti 150, ondoa video zinazojiendesha zenyewe, na toa vipachiko (programu za ziada za tovuti) vyote usivyovihitaji.

Viungo

Mara tu unaposhuka utapokea barua pepe za watu wanaouza viungo kwa mamia. Usinunue. Viungo vya kununua ni kinyume cha sera za Google, na kuja kuvisafisha baadaye ni kazi kubwa kuliko kuandika makala kumi. Wala usikimbilie kifaa cha Google cha kukana viungo, yaani kuiomba isivihesabu, kwani kiliwekwa kwa ajili ya wenye adhabu rasmi ya viungo au wanaoitarajia. Kiungo chenye maana ni kile cha chama cha ushirika, shule au redio ya mji wako iliyoona ukurasa wako unafaa kutumwa kwa watu wake, na hicho huombwa kwa kwenda kusalimia na kuonyesha kazi yako.

Daftari na subira

Nunua daftari. Kila unapobadilisha kitu kwenye tovuti, andika tarehe, anwani ya ukurasa, ulichobadilisha na sababu yake. Badilisha kundi moja la kurasa, kisha uliache kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa jingine. Baadhi ya maboresho huonekana ndani ya siku chache, lakini mengine huchukua miezi, na Google imeeleza kwamba tovuti iliyoshuka katika sasisho kuu inaweza kulazimika kusubiri hadi sasisho kuu jingine ndipo ipande, bila ahadi kwamba itarudi ilipokuwa. Sisi baadhi ya kurasa zetu zilirudi baada ya sasisho la Agosti 2024, ambalo lilimalizika tarehe 3 Septemba, na nyingine hazijarudi hadi leo. Ile ya bei ilirudi. Zile zilizoshindwa kurudi nyingi ni za maswali mepesi, nasi tumeacha kuzihangaikia.

Hatua ya mwisho: jenga njia nyingine ya kumfikia msomaji

Mapato ya matangazo nayo yapangwe kwa kujua kwamba miezi mibaya itakuja. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hailipi mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo tovuti ndogo iliyoshuka inaweza kukaa miezi kadhaa bila kupokea shilingi, ilhali seva na kikoa vinadai ada yake kwa tarehe ileile. Weka akiba ya ada za mwaka mzima kando kabla ya matumizi mengine yoyote. Tafuta tangazo moja au mawili ya moja kwa moja, kutoka duka la pembejeo au mwenye mashine ya kukoboa, linalolipwa kwa mobile money.

Kisha uwe na orodha ya wasomaji ambayo hakuna sasisho linaloweza kuigusa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka upate idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake, hivyo waombe wajiandikishe wenyewe, uwaeleze utawatumia nini na mara ngapi. Kwetu ni ujumbe mmoja wa WhatsApp kila Jumamosi asubuhi: tarehe, soko, aina ya kahawa, bei ya kilo, na kiungo cha ukurasa wenye jedwali lote.

Mzee wa Bududa alikuwa wa kwanza kwenye orodha hiyo. Siku hizi yeye ndiye anayetuandikia mapema, Ijumaa jioni, akituambia mnunuzi wa kijijini kwake amelipa kiasi gani kwa kilo ya pachimenti. Bei yake huingia kwenye mstari wa tatu wa jedwali, ikiwa na jina la kijiji na tarehe.